Mkuu wangu wa shule anasema mwongozo wa kazi si somo la mtihani. Nimwambie nini?

Swali: Mimi ni mwalimu wa Kemia katika shule ya kata mkoani Singida. Januari mkuu wa shule alinikabidhi unasihi na mwongozo wa masomo na kazi, juu ya vipindi vyangu 26 vya wiki. Nilimwomba kipindi kimoja kwenye ratiba kwa kila kidato, akanijibu kwamba shule haina muda wa kitu kisichotungiwa mtihani. Si mtu mbaya, na jukumu lenyewe ni yeye aliyenipa. Je, wakuu wa shule kwa jumla wanaionaje kazi hii? Nami nifanyeje ili aipe uzito?

Jibu: Mwalimu, pole na majukumu, na umefanya vizuri kuuliza kabla hujakata tamaa. Nimefundisha, nimeongoza shule, na sasa sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa na wakuu wa shule kwenye mafunzo na kuwasikiliza wanavyozipanga siku zao. Kwa hiyo nianze na upande wao, kisha tuje kwako.

Sijakutana na mkuu wa shule anayesema mwongozo wa masomo na kazi hauna maana. Ukimuuliza atakuambia ni jambo muhimu, na atasema hivyo kwa moyo wote, maana naye ni mzazi na anajua alivyohangaika kuwatafutia wanawe chuo. Tofauti inaonekana pale unapoomba muda, chumba au fedha. Hapo jambo muhimu hurudi nyuma likayapisha mambo ya lazima, na kwa mkuu wa shule la lazima ni lile analoulizwa.

Anaulizwa nini? Matokeo ya kidato cha nne yakitoka Januari, anaitwa halmashauri kwenye kikao cha tathmini. Anaulizwa daraja la kwanza wamepatikana wangapi, sifuri wamebaki wangapi, Hisabati imepanda au imeshuka, na kwa nini shule ya kata jirani imempita. Mpango wa Matokeo Makubwa Sasa ulioanza mwaka 2013 ulileta upangaji rasmi wa shule kwa ufaulu, na wakuu wengi walioko madarakani leo walikulia kiuongozi katika kipindi hicho. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora, lakini kikao cha tathmini na hofu yake havikuondoka. Katika kikao hicho hakuna anayemuuliza vijana waliomaliza miaka miwili iliyopita wako wapi leo. Angeulizwa hilo kila Januari, wewe ungekuwa na kipindi kwenye ratiba, na pengine chumba chenye mlango unaofungika.

Kwa hiyo aliposema kitu hiki hakitungiwi mtihani, hakukudharau. Alikuambia ukweli wa namna kazi yake inavyopimwa.

Kuna na sababu ya zamani kidogo ambayo watu huisahau. Kwa miaka mingi baada ya uhuru serikali ndiyo iliyopanga. Miaka ya sabini shule za sekondari zilipewa michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansikimu, na mwanafunzi alifuata mchepuo wa shule aliyopangiwa. Mhitimu wa chuo alipangiwa kituo cha kazi. Mwalimu wa wakati ule hakuhitaji kujua soko la ajira. Alihitaji kujaza fomu kwa usahihi na kuituma kwa wakati. Ajira za kupangiwa zilipopungua miaka ya tisini, mazoea ya kujaza fomu yalibaki. Baadaye Waraka wa Elimu Namba 11 wa mwaka 2002 uliagiza huduma ya ushauri na unasihi itolewe shuleni, na mwaka 2020 wizara ikatoa mwongozo wa ushauri, unasihi na ulinzi wa mtoto. Maana yake jukumu lako lina mizizi kwenye maagizo ya wizara. Lakini maagizo hayo hayakuja na nafasi ya mnasihi kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, wala fungu lake kwenye ruzuku. Mkuu anaambiwa ateue mwalimu, naye anamteua yule anayeonekana mpole, au yule asiyejua kukataa. Sijui wewe ni yupi kati ya hao, ila nadhani unajua.

Mtazamo mwingine utakaokutana nao ni wa kuuweka unasihi ndani ya nidhamu. Mwanafunzi akiwa mtoro, akikutwa na simu, au msichana akionekana ana mimba, ndipo mkuu anaposema aitwe mwalimu wa unasihi. Kwa macho ya wanafunzi ofisi yako inageuka kituo cha wenye makosa, na mtoto mwenye swali la kawaida, kwamba nikisoma CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) kidato cha tano nitaweza kuwa daktari, hawezi kuja kwako mchana wenzake wakimwona. Hapa nakuomba usikubaliane na mkuu hata kidogo, ila mweleze kwa upole. Kama wewe pia umo kwenye kamati ya nidhamu, mwombe akutoe. Mtoto aliyekuona asubuhi umeshika fimbo hatakufungulia moyo jioni. Hili wakuu wengi hulielewa haraka likisemwa faraghani, kwa sababu wanafahamu ni walimu gani katika shule yao wanafunzi huwakimbilia na ni wepi huwakwepa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naliona ndilo kiini cha swali lako, ingawa hukulitaja.

Wakuu wengi wanaamini mwongozo wa kazi ni shughuli ya kidato cha nne. Wanaona kuna Selform, ile fomu ya machaguo ya kidato cha nne, kuna kujaza tahasusi (michanganyiko ya masomo ya kidato cha tano) na vyuo, basi mwalimu mhusika asimame mbele ya darasa siku mbili kabla, aeleze, fomu zijazwe, kazi imekwisha. Matokeo yakitoka na dirisha la kubadilisha machaguo likifunguliwa, kila mmoja anahangaika na simu yake au anakwenda kwa kijana wa stationari amjazie. Kwa mtazamo huu, kazi yako ni ya wiki moja kwa mwaka, na kipindi cha kila wiki kwa kila kidato kinaonekana ni anasa.

Ukweli ni kwamba katika shule zetu uamuzi mzito unafanyika mapema zaidi, na mara nyingi unafanyika bila mtu yeyote kuuita uamuzi. Unafanyika kati ya kidato cha pili na cha tatu. Katika mtaala ambao madarasa yako ya juu yanausoma, Fizikia na Kemia ni lazima mpaka upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili, kisha yanakuwa ya hiari. Baiolojia na Hisabati zinaendelea kwa wote. Januari ya kidato cha tatu mwalimu wa taaluma anapita darasani, anauliza nani anaendelea na sayansi na nani anakwenda sanaa, mikono inanyooshwa, majina yanaandikwa. Pengine wanafunzi wanafuata marafiki. Pengine wanamkimbia mwalimu mkali. Pengine shule haina mwalimu wa Fizikia, na mkuu ameshaamua ni wangapi wanaoweza kubebwa na yule wa kujitolea. Dakika hizo ishirini zinafunga milango ambayo Selform haitaweza kuifungua tena.

Chukua uuguzi, kwa sababu najua wasichana wengi katika darasa lako wanautaja. Sifa za kujiunga na stashahada ya uuguzi na ukunga, kama zilivyo kwenye kitabu cha mwongozo wa udahili cha NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi, ni ufaulu wa angalau D nne katika masomo yasiyo ya dini, na ndani yake lazima ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Utabibu ni vivyo hivyo. Famasia imekuwa ikidai Kemia na Baiolojia bila kulazimisha Fizikia. Sasa mfikirie msichana aliyeacha Fizikia kidato cha tatu kwa kuwa kidato cha pili alipata 28. Anaendelea na Kemia na Baiolojia, anasoma kwa bidii miaka miwili, anapata C zote mbili, na siku ya kuomba chuo anagundua kwamba mlango wa uuguzi ulifungwa akiwa na umri wa miaka kumi na sita, na hakuna aliyemwambia. D inaanzia alama 30. Alikuwa amepungukiwa alama mbili, na alikuwa na miaka miwili ya kuzitafuta.

Kwa watakaokwenda kidato cha tano yapo ya kwao pia. CBG ina Kemia, Baiolojia na Jiografia, na kila mwaka wapo wanaoichagua wakiamini itawafikisha kwenye udaktari wa binadamu. Vyuo vikuu vyetu kwa shahada hiyo vinataka Fizikia, Kemia na Baiolojia zote za kidato cha sita. CBG ni tahasusi nzuri kwa mtu anayetaka kilimo, mazingira, lishe au ualimu wa sayansi, lakini kwa anayetaka kuwa daktari ni njia iliyokatika katikati. Machi 2024 serikali iliongeza tahasusi mpya 49, zikawa 65 pamoja na 16 zilizokuwepo. Nimewauliza wakuu kwenye mafunzo kama wanaweza kumweleza mzazi tofauti za tahasusi mpya, na wengi wananyamaza kwa heshima. Siwalaumu. Nasema tu kwamba hapo ndipo wanapokuhitaji, na wanajua wanakuhitaji.

Nimesema uamuzi wa kidato cha tatu unafanyika bila kuitwa uamuzi. Kuna upande wake mchungu, nao unahusu mkuu mwenyewe. Wastani wa ufaulu wa somo unahesabiwa kwa waliofanya somo hilo. Mwanafunzi dhaifu akiondolewa kwenye Fizikia, wastani wa Fizikia wa shule unapanda. Mkuu anayeulizwa wastani atapenda wabaki ishirini wenye uhakika kuliko sitini wenye mashaka. Hawezi kulisema hili hadharani, na wengine hata nafsini mwao hawajalisema, lakini ndivyo shule nyingi zinavyofanya, na mara nyingi jambo hilo hupewa jina la ushauri: mtoto anashauriwa aache. Hapa maslahi ya shule na maslahi ya mtoto yanagongana waziwazi. D moja ya Fizikia kwa mkuu ni doa kwenye jedwali. Kwa yule msichana ni chuo, ni ajira, ni nyumba ya mama yake kupauliwa bati.

Naandika hili kwa uchungu kwa sababu nimekaa upande ule wa meza na najua shinikizo lake lilivyo. Lakini mwalimu wa mwongozo asipolisema, hakuna mwingine atakayelisema, maana mzazi hajui na mtoto anadhani ni akili yake ndogo.

Kuhusu amali, yaani elimu ya ufundi na stadi za kazi, na vyuo vya ufundi stadi vya VETA, utakuta wakuu wana wasiwasi wa aina nyingine. Wanaogopa kuonekana wamewakatia watoto tamaa. Mkuu akimwambia mzazi kwamba kijana wake angefaa umeme wa majumbani au ufundi magari, mzazi anasikia kwamba kijana ni mjinga, na maneno yanafika mpaka kwa diwani. Matokeo yake VETA inatajwa mara moja tu kwa mwaka, siku ya matokeo, na inatajwa kwa waliopata sifuri. Baada ya hapo tusishangae vijana wanaiona kama adhabu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma tarehe 1 Februari 2025, imeweka mikondo miwili sekondari, wa jumla na wa amali, na elimu ya lazima ya miaka 10. Kwa mpango huu uchaguzi unasogea nyuma kabisa, mpaka mlangoni mwa kidato cha kwanza. Mkuu ambaye jana alikuambia mwongozo wa kazi ni wa kidato cha nne, kesho ataulizwa na wazazi wa darasa la mwisho la msingi tofauti ya mikondo hiyo. Unaweza kumwandaa. Na pale kwenu VETA mnayo Singida mjini. Mwalimu mmoja wa chuo akija kuzungumza na kidato cha pili, kabla mtu yeyote hajafeli chochote, maneno yake yatapokelewa tofauti kabisa.

Shule za binafsi sizungumzii sana, kwa kuwa hukuuliza. Huko wakuu wengi wanautaka mwongozo wa kazi kwa sababu wazazi wanaoulipia wanauuliza, na wakati mwingine unaishia kuwa ziara za vyuo na picha za tangazo.

Sasa umwambie nini mkuu wako? Ushauri wangu wa kwanza: acha kuomba kipindi. Ratiba ya shule ya kata yenye upungufu wa walimu haina mwanya, na kila unapoomba kipindi unamlazimisha achague kati yako na Hisabati. Utashindwa kila mara, na kila ukishindwa jambo lenyewe linazidi kuonekana dogo. Omba vitu ambavyo tayari viko mikononi mwake na havimgharimu ufaulu.

Kabla hujaenda ofisini kwake, andaa karatasi mbili. Ya kwanza ionyeshe wahitimu wenu wa kidato cha nne wa mwaka juzi walikwenda wapi: kidato cha tano, chuo cha kati, ualimu, VETA, jeshi, biashara, shamba, nyumbani. Waliopangwa na serikali wako kwenye orodha za TAMISEMI zinazotangazwa kwa kila shule. Wengine utawapata kwa kuwauliza wadogo zao waliopo shuleni, viranja wa zamani, na mtendaji wa kijiji. Usiogope kama wengine hutawapata. Waandike kwamba hawajulikani walipo, maana hilo nalo ni habari kwa mkuu. Mkuu hajawahi kuiona karatasi ya namna hii. Nimewaona wakuu wagumu wakiishika mkononi kwa muda mrefu bila kusema kitu, wakitafuta majina wanayoyakumbuka.

Karatasi ya pili iwe jedwali la upande mmoja tu. Upande wa kushoto andika kazi kumi na mbili hivi ambazo watoto wa hapo kwenu wanazitaja kweli: muuguzi, mwalimu, askari, fundi umeme, afisa kilimo, mhasibu, dereva wa mitambo, na kadhalika. Upande wa kulia andika masomo ambayo kila moja inayadai kidato cha nne na kiwango cha chini cha ufaulu. Usiandike kwa kukumbuka. Pakua vitabu vya mwongozo vya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) na NACTVET vya mwaka huu, kwa sababu sifa hubadilika kati ya msimu mmoja wa udahili na mwingine, na jedwali lenye kosa litamdhuru mtoto kuliko kutokuwa na jedwali. Taja na mikopo pia. Bado kuna wakuu wanaowaambia wazazi kwamba mkopo ni wa chuo kikuu peke yake, wakati tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo imekuwa ikikopesha wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele.

Nenda ofisini kwake saa ambayo hana wageni. Usilianzishe jambo hili kwenye kikao cha walimu. Akishakataa mbele ya watu hataweza kurudi nyuma bila kuaibika. Mwambie hivi: "Mkuu, lile la kipindi nimelielewa, silirudii tena. Nimekuja na jambo dogo. Naomba mwaka huu uchaguzi wa masomo ya kidato cha tatu usifanyike kwa kunyoosha mikono. Naomba ufanyike kwa fomu, mzazi aisaini, na kabla ya fomu nipate saa mbili na kidato cha pili wakishamaliza mtihani wao Novemba, wakati vipindi havina shughuli." Sentensi hiyo haimnyang'anyi dakika moja ya masomo. Inamwondolea na lawama pia, maana mzazi aliyesaini hawezi kuja mwaka 2028 kusema shule ilimharibia mtoto. Wakuu wanalielewa sana suala la lawama.

Akikubali hilo, ongeza mawili mengine siku nyingine, si siku ileile. La kwanza, dakika tano mstarini kila Jumatatu, ambamo unasoma kazi moja kutoka kwenye jedwali na masomo yake, basi. La pili, nafasi kwenye kikao cha wazazi, kabla hakijafika kwenye ajenda ya chakula cha shule, kwa sababu baada ya ajenda hiyo hakuna anayesikiliza. Mwache mkuu mwenyewe aiwasilishe ile karatasi ya kwanza kwenye Bodi ya Shule. Iwe yake. Jambo ambalo mkuu ameliwasilisha kwenye bodi linaandikwa kwenye muhtasari, na wathibiti ubora wakija watalikuta, na tangu siku hiyo atakuuliza yeye limefikia wapi.

Mwalimu wa taaluma usimpite pembeni. Ratiba, orodha za mikondo na karatasi za Selform ziko kwake, na kama anaona umekuja kumpunguzia mamlaka atakukwamisha bila kelele. Mshirikishe kwenye jedwali kuanzia mwanzo, jina lake liwepo chini pamoja na lako.

Wageni hawahitaji posho ukiwachagua karibu. Muuguzi wa zahanati, afisa kilimo wa kata, fundi wa TANESCO anayepita, mwanafunzi wenu wa zamani aliyerudi likizo. Mahafali ya kidato cha nne tayari yanaleta watu shuleni, nao huishia kusema "someni kwa bidii" na kuondoka. Wape maswali mapema: kidato cha tatu ulisoma masomo gani, chuo ulilipiwa na nani, mwezi wa kwanza kazini ulipata kiasi gani, na ni kitu gani katika kazi hii hakuna aliyekuambia. Vijana wanayakumbuka majibu ya maswali hayo.

Wakuu wengine watakuambia hawana mtu aliyesomea unasihi. Katika vyuo vya ualimu saikolojia ya elimu hufundishwa pamoja na ushauri na unasihi, kwa hiyo walimu wenu wa stashahada wamegusa misingi yake. Kwa kumweleza mtoto masomo na njia za kazi, msingi huo pamoja na vitabu vya mwongozo vinatosha kuanzia. Pendekeza kwa mkuu uteuliwe pamoja na mwalimu wa jinsia nyingine, kwani yapo ambayo msichana hatakwambia kama wewe ni mwanaume, na kinyume chake. Ila ujue mpaka wako. Mazungumzo ya kazi huanza na Fizikia na yanaweza kuishia kwa baba wa kambo. Mtoto akikueleza kwamba anapigwa, ananyanyaswa au anatafutiwa mchumba, hapo umetoka kwenye mwongozo wa kazi. Mfikishe kwa mkuu na afisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo, na namba ya simu kwa mtoto, 116, iwe imeandikwa ubaoni muda wote. Usimwahidi mtoto siri ambayo huwezi kuitunza kihalali.

Kama mkuu atakataa hata zile saa mbili za Novemba, bado unayo Kemia yako. Mada ya kwanza kabisa ya kidato cha kwanza inazungumzia umuhimu wa Kemia katika maisha, na hakuna atakayekuzuia kueleza hapo ni kazi zipi zinaihitaji na zinaihitaji pamoja na masomo gani. Kwa kidato cha pili, keti na wale waliopata kati ya 20 na 35 kwenye mtihani wa Fizikia wa mkoa au wa majaribio. Ndio walio hatarini kuondolewa, na ndio ambao mwalimu wa Fizikia akipewa majina yao mapema anaweza kuwasukuma. Ongea naye kwanza, kisha ongea nao mmojammoja.

Karatasi ya wahitimu ianze sasa, kwani kuwatafuta watu kutakuchukua muda kuliko unavyodhani. Jedwali limfikie mkuu kabla ya Oktoba. Novemba ikiingia atakuwa na mitihani miwili ya taifa mkononi, na hutampata tena mpaka majina ya kidato cha tatu yawe yameshaandikwa.